Kate Chase na urais ambao baba yake hakuupata

Jina la Kate Chase likitajwa, kwa kawaida hutajwa kwa mambo mawili. La kwanza ni harusi yake ya Novemba 1863 mjini Washington, ambayo Rais Abraham Lincoln alihudhuria huku vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. La pili ni kisa cha Agosti 1879, pale mumewe alipomtimua seneta mmoja nyumbani kwake akiwa na bunduki mkononi. Mwanamke mrembo, ndoa ya kitajiri, fumanizi, talaka, umaskini: wasimulizi wengi huishia hapo.

Simulizi hilo si la uongo, ila limemwacha nje mtu ambaye bila yeye maisha ya Kate hayaeleweki. Mtu huyo ni baba yake, Salmon P. Chase, aliyekuwa seneta, gavana wa Ohio, Waziri wa Fedha wa Lincoln na hatimaye Jaji Mkuu wa Marekani. Vyeo vyote hivyo alivipata, na hakuna hata kimoja kilichomtosha, kwa sababu alichokitaka kilikuwa kiti cha urais. Alikitamani 1856, akakiwania 1860, akakinyemelea 1864, akakitafuta kupitia chama kingine 1868, na hata 1872, baada ya kupigwa na kiharusi, bado alikuwa na matumaini. Katika sehemu kubwa ya safari hiyo mpambe wake mkuu alikuwa binti yake, katika nchi ambayo katiba yake haikulinda haki ya wanawake kupiga kura mpaka mwaka 1920.

Tuanze na familia yenyewe, maana hata majina yanachanganya. Mke wa kwanza wa Chase aliitwa Catherine Jane Garniss. Walioana 1834, na mwishoni mwa 1835 akafariki muda mfupi baada ya kujifungua binti. Mtoto huyo alirithishwa jina la mama yake, naye akafariki mapema 1840 kwa homa nyekundu. Wakati huo Chase alikwishaoa tena. Mke wa pili, Eliza Ann Smith, alijifungua binti Agosti 1840 huko Cincinnati, na binti huyo naye akaitwa Catherine Jane. Ndiye Kate wetu. Kwa hiyo mtoto alikuja duniani akibeba jina la mke wa baba yake aliyetangulia na la dada yake aliyezikwa miezi michache kabla. Kupokezana majina ya marehemu lilikuwa jambo la kawaida zama zile, lakini katika nyumba hii lilirudiwa kwa kasi ya kutisha.

Eliza alimzalia Chase mabinti watatu, akabaki Kate peke yake. Mwaka 1845 kifua kikuu kilimchukua Eliza pia, Kate akiwa na miaka mitano. Mwaka uliofuata Chase akamwoa Sarah Bella Ludlow, aliyezaa mabinti wawili. Mmoja alikufa mchanga, mwingine ndiye Janet, aliyeitwa Nettie, mdogo wake Kate kwa baba mmoja na mama mbalimbali. Januari 1852 mama wa kambo naye akafa. Ukihesabu, Chase alizika wake watatu na mabinti wanne kati ya sita kabla hajafikisha miaka 45, na baada ya hapo hakuoa tena.

Baba huyu hakuwa mtu wa mzaha. Alikuwa mcha Mungu wa kupindukia, mwanasheria aliyewatetea watumwa waliotoroka kutoka Kentucky kwa moyo kiasi kwamba watu walimpachika jina la mwanasheria mkuu wa watumwa watoro. Kate alipelekwa angali mdogo katika shule ya bweni ya Bibi Haines mjini New York, na huko barua za baba zilimfuata bila kukoma. Nyingi zilikuwa za kumsahihisha: mwandiko si mzuri, sentensi zimekaa vibaya, barua imechelewa. Nyingine zilimkumbusha mtoto wa shule kwamba kifo kinaweza kumjia wakati wowote, hivyo ajiandae. Ukizisoma leo unaweza kumwona baba mkatili. Mimi naona mtu aliyezoea kuzika, anayemwandikia mtoto kama mtu mzima kwa kuwa hana uhakika kama ataufikia utu uzima. Bila shaka Kate alijifunza mapema kwamba sifa kutoka kwa mzee huyu hupatikana kwa kazi.

Kazi ilipatikana. Chase alipoapishwa kuwa gavana mwaka 1856, nyumba ya gavana mjini Columbus haikuwa na mama. Kate, aliyekuwa na miaka kumi na mitano na kuendelea, akawa mwenyeji wa nyumba hiyo. Asiyejua siasa za wakati ule atadhani kazi hiyo ilikuwa ya kupanga maua na sahani. Karamu zilikuwa mahali ambapo kura zilipimwa. Nani akae karibu na nani, mhariri gani aalikwe na yupi aachwe, mjumbe gani ameudhika na anahitaji kubembelezwa, yote hayo yaliamuliwa na mwenyeji. Binti aliyesoma New York, mwenye kumbukumbu ya majina na asiyebabaika mbele ya wazee, alikuwa mtaji.

Mtaji huo haukutosha mwaka 1860. Mkutano mkuu wa chama cha Republican ulifanyika Chicago mwezi Mei, na katika duru ya kwanza Chase alipata kura 49, akiwa nyuma ya Seward, Lincoln na Cameron. Hata ujumbe wa Ohio, mkoa wake mwenyewe, uligawanyika. Hapo ndipo unapoonekana udhaifu uliomfuata maisha yake yote. Chase aliamini kwamba anastahili, na anayeamini hivyo huona haya kupanga mizengwe. Binti yake hakuwa na haya hiyo.

Lincoln alimpa Wizara ya Fedha, familia ikahamia Washington mwaka 1861, katika nyumba iliyokuwa kwenye makutano ya mitaa ya Sita na E. Kate alikuwa na miaka ishirini, na kwa muda mfupi mikusanyiko ya nyumba hiyo ikawa inashindana na ya Ikulu. Mke wa Lincoln, Mary, hakumpenda. Kinasimuliwa kisa cha karamu ya kwanza ya Ikulu: Mary alimwambia Kate kwamba atafurahi kumwona wakati wowote, Kate akajibu kwamba naye atafurahi Bi. Lincoln akimtembelea wakati wowote. Kama maneno yalitamkwa hivyohivyo au yalitiwa chumvi baadaye, uhasama wenyewe haukuwa siri. Kila aliyeingia sebule ya Kate alijua kwamba anatazama chumba cha kusubiria urais.

Ila chumba hicho kiligharimu fedha. Mshahara wa waziri ulikuwa dola 8,000 kwa mwaka, na nyumba ya namna ile ilikula zaidi ya hapo. Waziri aliyechapisha noti za nchi nzima, tena zile za dola moja za 1862 akiweka picha yake mwenyewe ili sura yake iingie kila mfukoni, nyumbani kwake alikuwa mtu wa madeni.

Hapo anaingia William Sprague. Kate alikutana naye Cleveland mnamo Septemba 1860, kwenye uzinduzi wa sanamu ya kamanda Perry. Sprague alikuwa gavana wa Rhode Island kabla ya kutimiza miaka thelathini, mrithi wa kampuni ya A. & W. Sprague, moja ya kampuni kubwa kabisa za kuchapa vitambaa vya pamba nchini. Vita vilipoanza alikwenda kwenye mapigano ya Bull Run pamoja na askari wa Rhode Island na farasi wake akauawa kwa risasi akiwa amempanda. Mwaka 1863 akaingia Seneti. Kwa karatasi, bwana harusi hakuwa na kasoro.

Familia yake nayo ilikuwa na jeraha. Baba yake, Amasa, aliuawa karibu na nyumbani kwake siku ya mwisho ya mwaka 1843, William akiwa na miaka kumi na mitatu. Mhamiaji wa Kiayalandi, John Gordon, alihukumiwa kwa ushahidi dhaifu na kunyongwa Februari 1845. Mashaka yaliyofuata yalichangia Rhode Island kuifuta adhabu ya kifo mwaka 1852, na Gordon akasamehewa rasmi mwaka 2011, miaka 166 baada ya kitanzi. William alitolewa shule, akaingizwa dukani na kiwandani. Kwa hiyo Kate, aliyelelewa na baba asiyetoa sifa, alikuwa anaolewa na kijana aliyenyang'anywa baba. Baadaye kila mmoja alimlaumu mwenzake kwa ubaridi.

Je, aliolewa kwa ajili ya fedha za kampeni ya baba? Wanahistoria wamegawanyika, na waliosoma barua za wachumba hao wanakuta mapenzi ya kweli, hasa kwa upande wa Sprague. Nadhani swali lenyewe limekaa vibaya. Katika tabaka lile mapenzi, fedha na siasa havikuwekwa katika masanduku tofauti, na Kate hakuwa na sababu ya kuvitenganisha. Angeweza kumpenda Sprague na wakati huohuo akajua kabisa mamilioni yale yatafanya nini.

Harusi ilikuwa tarehe 12 Novemba 1863. Wageni wa karamu walikuwa mamia, bendi ya jeshi la majini ilipiga wimbo uliotungwa mahsusi kwa bibi harusi, na yeye alivaa taji la lulu na almasi alilopewa na mumewe. Lincoln alikuja peke yake, bila Mary. Baada ya hapo maharusi waliishi nyumba moja na mzee Chase, na hilo pekee lilitosha kuonyesha nani ndiye kiini cha familia hiyo mpya.

Pamba iliyojenga utajiri wa Sprague ililimwa na watumwa wa Kusini, na vita viliikata. Athari zake zilifika mbali: viwanda vya jirani, huko Massachusetts, ndivyo vilivyofuma marekani, kitambaa kilichopakuliwa Zanzibar na kupelekwa bara na wapagazi. Wakati wa vita hivyo shehena za kutoka Marekani zilididimia, na vitambaa vya Uingereza na India vikashika soko. Sprague naye alihangaika. Alihusishwa na mpango wa mfanyabiashara Harris Hoyt wa kutoa pamba Texas, yaani upande wa adui, na kibali kiliombwa kutoka kwa Waziri wa Fedha, ambaye ndiye angekuwa baba mkwe wake. Chase alikataa kukitoa. Baadaye watu walikamatwa na jina la Sprague likatajwa, ingawa yeye hakushtakiwa. Pima mzigo aliokuwa nao Kate: baba aliyepata umaarufu kwa kuwatetea watumwa, mume ambaye viwanda vyake havikuweza kuzunguka bila jasho lao.

Mwaka 1864 wapambe wa Chase walisambaza waraka wa siri uliosema Lincoln asigombee tena na nafasi apewe Chase. Waraka ukavuja, Chase akaaibika, na katikati ya mwaka akajiuzulu uwaziri. Lincoln, kwa akili zake, alimteua kuwa Jaji Mkuu mwezi Desemba. Ilikuwa heshima kubwa, na ilikuwa pia njia ya kumweka kabatini. Chase alifanya mambo ya maana huko. Februari 1865 John Rock alikubaliwa kuwa mwanasheria wa kwanza mweusi kuruhusiwa kusimama mbele ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Mwaka 1868 Chase aliongoza kesi ya kumwondoa Rais Andrew Johnson madarakani, kwa uadilifu uliowakera Warepublican wenzake. Mwaka 1870 aliandika hukumu iliyosema kwamba noti alizozitoa mwenyewe akiwa waziri hazikuwa halali kulipia madeni ya zamani. Wanasiasa wachache wamewahi kujihukumu hivyo hadharani.

Lakini Julai 1868 ndiyo kilele cha habari ya Kate. Warepublican walikwishamchukua Jenerali Grant, hivyo Chase akageukia chama cha Democratic, kilichokutana New York. Jaji Mkuu hawezi kwenda kujinadi mwenyewe, akabaki Washington. Aliyekwenda ni Kate. Hakuwa mjumbe wala hakuweza kuwa, akafanyia kazi hotelini, Fifth Avenue, akipokea wajumbe, akihesabu kura, akimwandikia baba kila hatua. Baba alimjibu kwa upendo na wasiwasi, akimwonya asizame mno katika siasa. Ni onyo la ajabu kutoka kwa mtu aliyekuwa akinufaika nalo.

Hesabu ya Kate ilikuwa hivi: wagombea wa mwanzo wachoshane, mkutano ukwame, halafu jina la Chase liletwe kama njia ya kutokea. Mkutano ulikwama kweli. Katika duru mojawapo mjumbe wa California alimpa Chase nusu kura, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe iliyozidi kura yenyewe. Kikwazo kilikuwa msimamo wa Chase kwamba wanaume weusi wapewe haki ya kupiga kura. Alijaribu kuulegeza kwa kusema kila mkoa uamue, lakini hakuutupa, na Democratic ya 1868 haikuweza kuumeza. Duru ya 22 ujumbe wa Ohio, Ohio ileile, ukamtaja Horatio Seymour, mwenyekiti wa mkutano, aliyekuwa akikataa kugombea. Wimbi likageuka, Seymour akapitishwa, na Novemba akashindwa na Grant. Kate aliamini kwamba wanasiasa wa New York, akiwemo Samuel Tilden, walimzunguka baba yake.

Baada ya hapo mambo yaliporomoka. Willie, mtoto wa kwanza, alizaliwa 1865. Wakafuata Ethel, Kitty ambaye alikuwa na ulemavu wa akili, na Portia. Sprague alikuwa mlevi. Wakati huo Kate alikuwa akijenga Canonchet, jumba la vyumba zaidi ya sitini pwani ya Rhode Island. Mei 1873 Chase akafariki. Septemba benki ya Jay Cooke, mtu aliyewahi kuuza hati fungani za vita kwa niaba ya Chase, ikaanguka na kuivuta nchi nzima. Kabla ya mwaka kwisha kampuni ya Sprague nayo ilikuwa mikononi mwa msimamizi wa wadai. Katika miezi sita Kate alipoteza baba na fedha, yaani sababu na nyenzo.

Roscoe Conkling, seneta wa New York, anaonekana katika nafasi iliyoachwa wazi. Alikuwa na mke, na mkewe Julia alikuwa dada yake Horatio Seymour. Ndiyo, mtu aliyempora Chase uteuzi wa 1868 alikuwa shemeji wa Conkling. Washington ilisengenya kwa miaka. Agosti 1879 Sprague alirudi Canonchet bila kutarajiwa, akamkuta Conkling, akamtimua akiwa na bunduki. Maelezo ya kwanza waliyopewa waandishi wa habari yalikuwa kwamba aliyefukuzwa ni mwalimu Mjerumani wa watoto. Uongo huo haukudumu, na magazeti yakafaidi wiki nzima. Kate akaondoka na mabinti zake watatu. Talaka ilitoka 1882 kwa msingi kwamba mume hakutoa matunzo. Willie alibaki na baba, na Kate akarudia jina la Chase.

Kuna hekaya moja ya kuitolea hukumu. Uchaguzi wa urais wa 1876, kati ya Rutherford Hayes wa Republican na Tilden wa Democratic, uliishia kwenye tume ya watu 15 iliyompa Hayes ushindi kwa kura nane kwa saba. Conkling alitarajiwa kuhutubia dhidi ya Hayes kuhusu kura za Louisiana, lakini hakutokea ukumbini. Inasemwa kwamba Kate ndiye aliyemzuia, kulipiza kisasi cha 1868 kwa Tilden. Hakuna ushahidi unaolithibitisha hilo. Tena, muda si mrefu Hayes alianza kuwang'oa watu wa Conkling katika forodha ya New York, jambo ambalo halifanani na malipo ya fadhila. Ninachokiona ni kwamba watu walimjua Kate kuwa hodari wa kupanga, kwa hiyo kila fumbo la siasa lilipokosa mwenyewe, alibandikwa yeye.

Miaka ya mwisho aliishi Edgewood, shamba la baba yake pembeni mwa Washington. Mwaka 1886 aliuhamisha mwili wa Chase kutoka makaburi ya Washington hadi Spring Grove, Cincinnati. Mwaka 1890 Willie alijiua huko Seattle akiwa na miaka 25. Ethel akawa mwigizaji wa jukwaani. Kate na Kitty walibaki Edgewood. Nyumba iliwekwa rehani, na marafiki wa zamani wa baba wakachanga kuiokoa isipigwe mnada. Yeye akawa anauza mayai, kuku na maziwa kwa wateja wa mji uleule ambao zamani ulipigania mwaliko wake. Benki iliyoanzishwa New York mwaka 1877 ilikuwa imechukua jina la Chase kwa heshima ya marehemu, lakini familia haikuwa na hisa ndani yake. Alifariki kwa ugonjwa wa figo tarehe 31 Julai 1899, akiwa na miaka 58, akazikwa Spring Grove kando ya baba yake. Sprague alikwishaoa mke mwingine tangu 1883. Canonchet iliungua 1909, naye akafia Paris Septemba 1915, ikiwa imebaki siku moja atimize miaka 85.